Anjiogramu ya moyo: swali la kuuliza kabla ya kusaini

Karatasi yenyewe huwa fupi. Daktari ameandika kwamba mgonjwa anashukiwa kuwa na mishipa ya moyo iliyoziba, ameshauri anjiogramu, na chini kuna tarehe ya kurudi kliniki. Karatasi ikifika nyumbani, kila mtu ana neno isipokuwa mgonjwa. Mtoto mkubwa anataka kipimo kifanyike kesho yake, hata kama itabidi kiwanja kiuzwe. Shangazi anamkumbuka mtu aliyeingia chumba hicho kwa miguu yake na kutolewa maiti. Jirani ameleta chupa ya kitunguu saumu na tangawizi, anaapa kwamba inazibua mishipa kwa wiki mbili. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp halilali.

Nawaandikia wagonjwa wa namna hiyo, maana nimewaona wakiamuliwa na wenye sauti kubwa. Anjiogramu ni kipimo kizuri, kimeokoa watu wengi. Hata hivyo, kuna wanaofanyiwa kabla hawajakihitaji, na kuna wanaokikimbia wakati kila saa inayopita inaua sehemu ya moyo wao. Kinachotofautisha makundi haya si utajiri na umaskini, wala woga na ushujaa. Ni mambo mawili: kama moyo uko katika dharura sasa hivi, na kama majibu ya kipimo yatabadilisha matibabu.

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutokijua. Mgonjwa huingia akiwa hajala kwa saa kadhaa, amevaa gauni la hospitali, na hulazwa chali juu ya meza nyembamba chini ya mashine ya eksirei yenye mkono mkubwa unaozunguka. Hapewi dawa ya usingizi mzito. Huchomwa sindano ya ganzi kwenye kifundo cha mkono, pale pale muuguzi anapohesabia mapigo, au kwenye kinena. Kupitia tundu dogo, daktari huingiza mrija mwembamba na laini, akaupandisha ndani ya ateri mpaka kwenye milango ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Hapo humwaga dawa ya rangi. Kwa sekunde chache matawi ya mishipa hujichora kwenye skrini, na mahali palipobanwa hujitokeza kama shingo ya kibuyu. Daktari huzungusha mashine, humwaga tena, hutazama upande mwingine. Pasipo tatizo, kazi yote huisha kwa takribani nusu saa, mrija hutolewa, na kifundo cha mkono hufungwa mkanda wa kukandamiza ili damu isivuje.

Njia hii ina historia ya ujasiri. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde huko Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingizia mwenyewe mrija kwenye mshipa wa mkono, akatembea nao hadi chumba cha eksirei na kupigwa picha iliyoonyesha kwamba ncha yake imefika moyoni. Kwa kazi hiyo alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Miaka miwili baada ya tuzo hiyo, huko Cleveland, Marekani, Mason Sones alikuwa akimchunguza mgonjwa wa vali ya moyo, dawa ya rangi ikaingia kwa bahati mbaya kwenye mshipa wa moyo wa upande wa kulia. Wakati ule iliaminika kwamba jambo kama hilo ni kifo. Moyo ulisimama kidogo, mgonjwa akaambiwa akohoe, ukaendelea kupiga. Anjiogramu ya mishipa ya moyo ilianzia hapo. Mwaka 1977, Andreas Grüntzig, mjini Zurich, alipanua kwa puto mshipa wa moyo uliobana, na tangu siku hiyo chumba cha kupimia kikawa pia chumba cha kutibia. Tutaona mbele kwa nini jambo hilo linamhusu sana mgonjwa anayeombwa kusaini fomu.

Dharura kwanza, kwa sababu haina mjadala. Mtu kifua kimembana ghafla akiwa amekaa, maumivu yanapanda shingoni au taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho jembamba linamtoka, anataka kutapika, na hali haikatiki kwa dakika kadhaa: huyo hasubiri kikao cha ukoo. Apelekwe hospitali yenye uwezo iliyo karibu zaidi, apimwe umeme wa moyo mara moja na damu yake ipimwe troponini, kemikali inayovuja misuli ya moyo inapoumia. Mshipa ukiwa umeziba kabisa, misuli inayoutegemea huanza kufa, na anjiogramu ya haraka inayofuatwa na kuzibua mshipa ndiyo tiba bora iliyopo. Mahali ambapo mtambo wa anjiogramu uko mbali mno, hospitali inaweza kumpa mgonjwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hufaa zaidi ikitolewa katika saa za mwanzo. Mgonjwa wa aina hii akikataa kipimo kwa sababu ya hofu ya shangazi, anakataa uhai wake.

Wengi wanaopewa ile karatasi, hata hivyo, hawako hapo. Wana maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio unaotabirika, au wameonekana na kasoro kwenye kipimo fulani wakati hawajisikii chochote. Hapa ndipo penye kufikiri, na hapa ndipo nimemwona mtu wa karibu akipita.

Baba yangu mdogo ni mstaafu, anakaa Morogoro, ana presha ya siku nyingi. Alipoulizwa na daktari anasikia nini, alieleza vizuri kuliko vitabu: "Nikipanda kile kilima cha kwenda msikitini, kifua kinabana. Nikisimama nikapumzika, kinaachia." Hakikuwa kichomi kinachokata ukivuta pumzi, wala kiungulia kinachokuja baada ya kula. Madaktari huuliza mambo matatu: kubanwa kifuani, kunakoletwa na kazi au hasira, na kunakokwisha kwa kupumzika au kwa kidonge cha chini ya ulimi. Yote matatu yakiwepo, kwa mwanamume wa umri wake, uwezekano kwamba mishipa imebana ni mkubwa hata kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Watoto wake walitaka apelekwe Dar es Salaam wiki ile ile. Mimi nikamwambia, "Baba mdogo, kabla ya kusaini, muulize daktari swali moja." Akaniambia, "Niandikie, mwanangu, nisije nikasahau." Nikamwandikia nyuma ya kadi yake ya kliniki: Ukikuta mshipa umebana, utanifanyia nini ambacho hunifanyii leo?

Swali hilo sikulibuni mimi. Limetokana na tafiti kubwa ambazo kwa maoni yangu kila familia yenye mgonjwa wa moyo ingepaswa kuzisikia. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uitwao COURAGE, wa wagonjwa 2,287 wa Marekani na Kanada waliokuwa na mishipa iliyobana lakini hali zao zimetulia. Nusu walipewa dawa kamili, nusu wakapewa dawa hizo hizo na kuwekewa stenti, ile springi ndogo ya kushikilia mshipa ubaki wazi. Baada ya miaka kadhaa, vifo na mashambulio ya moyo yalikuwa karibu sawa pande zote mbili. Wengi hawakuamini. Ukafuata utafiti wa ISCHEMIA, wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, wote wakiwa na vipimo vilivyoonyesha kwamba sehemu ya kutosha ya moyo inakosa damu. Kundi moja lilipelekwa moja kwa moja kwenye anjiogramu na kuzibuliwa, jingine likaanza na dawa na kupelekwa pale tu dawa ziliposhindwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2020, waliofariki walikuwa 145 katika kundi la kwanza na 144 katika la pili.

Inawezekanaje kuzibua mshipa kusizuie kifo? Mafuta hayagandi sehemu moja tu ya mshipa. Hujijenga ndani ya kuta, hapa kidogo, pale zaidi, katika mishipa yote. Shambulio la moyo hutokea pale uvimbe mmoja wa mafuta unapopasuka na damu kuganda juu yake, na mara nyingi uvimbe unaopasuka si ule uliobana kuliko yote. Stenti hutengeneza kipande kifupi cha mshipa mmoja. Dawa za kushusha lehemu, aspirini, kudhibiti presha na sukari, kuacha sigara, hufanya kazi katika mishipa yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtu anayekwenda kuzibuliwa huku akiona uvivu kumeza vidonge vyake ameshika tiba ndogo na kuacha kubwa.

Stenti ina kazi yake halali, nayo ni kuondoa maumivu. Katika ISCHEMIA, waliokuwa wakiumwa kifua mara kwa mara walipata nafuu zaidi walipozibuliwa. Uingereza wakalichunguza jambo hili kwa ukali zaidi katika utafiti wa ORBITA, uliochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 200 wenye mshipa mmoja uliobana, wakiwa tayari kwenye dawa nzito, waliingizwa chumbani, wakapewa dawa ya kuwasinzisha na kuvishwa spika masikioni zenye muziki. Baadhi waliwekewa stenti kweli, wengine walifanyiwa maigizo tu, na hakuna aliyejua yuko upande gani. Baada ya wiki 6 uwezo wao wa kutembea kwenye mashine ya mazoezi haukutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2023 watafiti wale wale walirudia na wagonjwa 301 walioachishwa dawa za maumivu ya kifua, na safari hii stenti ikaonekana kupunguza maumivu waziwazi, ingawa wengi bado walibaki nayo kiasi. Ninachokisoma katika haya yote ni kwamba mgonjwa aliyetulia anaweza kuanza na dawa bila kujiona anacheza na roho yake, na anaweza pia kuchagua stenti kwa sababu tu amechoka kusimama njiani. Sababu zote mbili ni za heshima. Kosa ni kumwambia mtu aliyetulia kwamba asipozibuliwa wiki hii atakufa.

Kuna ambao tafiti hizo hazikuwagusa, na hili lisomwe kwa makini. ISCHEMIA iliwaacha nje waliokuwa na shambulio la karibuni, waliokuwa na moyo uliodhoofika sana, na wale ambao mshipa mkuu wa kushoto, ule unaolisha sehemu kubwa zaidi ya moyo, umebana. Kwa hiyo mgonjwa ambaye eko ya moyo inaonyesha nguvu za kusukuma damu zimeshuka sana, ambaye kipimo cha mazoezi kilionyesha kasoro mapema akiwa ametembea dakika chache tu, au ambaye maumivu yake yalikuja kilimani na sasa yanakuja akitembea tambarare au akiwa kitandani, huyo anahitaji picha ya mishipa yake, na asicheleweshe. Huenda ikaonekana anahitaji upasuaji mkubwa wa kupandikiza mishipa, na hilo haliwezi kujulikana bila kuangalia. Mwenye umri mkubwa anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa vali naye kwa kawaida huchunguzwa mishipa kwanza.

Wanawake na wenye kisukari nao wana hatari ya kusahaulika. Maumivu yao mara nyingi hayafuati kitabu: uchovu usio na sababu, kukosa pumzi, kujisikia tumbo limejaa. Mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa. Nimeona watu wakinywa dawa za vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi na hakuna aliyewapima umeme wa moyo hata mara moja. Kwa hao tatizo si anjiogramu nyingi, ni kutoshukiwa.

Na kuna upande wa pili, wa wanaopimwa na kukutwa hawana kitu. Mwaka 2010 ilichapishwa hesabu ya Marekani ya watu karibu 400,000 waliofanyiwa anjiogramu ya kupangwa, wasiokuwa na historia ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Waliokutwa na mishipa iliyobana kweli walikuwa asilimia 37.6. Zaidi ya nusu waliingiziwa mrija moyoni na hawakuwa na kizuizi. Kwa mtu ambaye dalili zake zina utata, kuna njia nyepesi zaidi, CT scan ya mishipa ya moyo, ambayo dawa ya rangi hupitishwa kwenye mshipa wa kawaida wa mkono. Utafiti wa Scotland wa wagonjwa 4,146 ulionyesha mwaka 2018 kwamba waliopimwa kwa CT walipata vifo vya ugonjwa huo na mashambulio kwa asilimia 2.3 katika miaka 5, wenzao wasiopangiwa CT asilimia 3.9, kwa kiasi kikubwa kwa sababu waliobainika walianzishiwa dawa zinazofaa. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Ulaya ulilinganisha kuanza na CT na kuanza na mrija: madhara makubwa yaliyotokana na vipimo yalikuwa asilimia 0.5 kwa walioanza na CT, 1.9 kwa walioanza na mrija. Si kila mashine ya CT inaweza kupiga picha ya moyo unaodunda, kwa hiyo ulizeni hospitali ipi inaifanya kabla ya kufunga safari.

Kuhusu yule maiti wa shangazi: vifo vinavyotokana na anjiogramu ya kupangwa ni takribani 1 kwa kila watu 1,000, kiharusi karibu hivyo hivyo. Ni nadra, lakini si sifuri, na daktari anayesema hakuna hatari hajamtendea haki mgonjwa wake. Yanayotokea mara nyingi zaidi ni michubuko na kuvuja damu mahali pa tundu, na hayo hupungua sana daktari akipitia mkononi badala ya kinenani. Mwenye figo dhaifu ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu dawa ya rangi inaweza kuzizidishia. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ipimwe kabla, na anayemeza metfomini, dawa ya kisukari, aseme, kwani wenye figo dhaifu husimamishiwa kwa muda. Aliyewahi kupata mzio wa dawa ya rangi aseme pia, hata kama ni miaka mingi iliyopita.

Pesa zina uzito wake katika uamuzi huu, na kuzificha hakumsaidii mtu. Kabla ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kuanzishwa mwaka 2015, mgonjwa wa moyo wa Tanzania aliyehitaji tiba kubwa mara nyingi alisubiri kupelekwa India kwa gharama za serikali, au kujipeleka. Leo mtambo uko Dar es Salaam, uko pia Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, na Nairobi kuna hospitali kadhaa. Lakini kwa mtu wa Kigoma au Mtwara hiyo bado ni nauli, mahali pa kulala na ndugu wa kumsindikiza. Kwake kuna mantiki ya kupimwa na kuzibuliwa siku hiyo hiyo, na daktari naye huliona hilo. Ndiyo maana mazungumzo lazima yafanyike kabla ya meza. Fomu ya ridhaa mara nyingi huruhusu yote mawili kwa saini moja, kupima na kuweka stenti, na mtu aliyelala chali huku mrija uko ndani hawezi kujadiliana. Aseme mapema: ukikuta hiki endelea, ukikuta kile tutoke kwanza tuongee. Aulize pia bima yake inalipa kipimo peke yake au na stenti.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni la baada ya stenti. Aliyewekewa stenti anapaswa kumeza aspirini pamoja na klopidogreli kila siku, kwa kawaida miezi 6 kwa aliyekuwa ametulia na mwaka mzima kwa aliyepata shambulio, kisha kuendelea na dawa moja. Akizikatiza mapema kwa sababu duka la dawa la kijijini halina, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na mshipa ukaziba wote kwa mpigo mmoja. Mtu asiye na uhakika wa kupata vidonge hivyo kwa miezi yote hiyo amwambie daktari kabla, si baada. Vivyo hivyo mwenye upasuaji mwingine uliopangwa, au mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu.

Baba mdogo aliuliza swali lake. Daktari, na namshukuru kwa uvumilivu wake, aliifungua faili upya mbele yake. Eko ilikuwa nzuri. Kipimo cha mazoezi kilionyesha kasoro, lakini baada ya kutembea muda wa kutosha. Dawa alizokuwa akimeza zilikuwa za presha peke yake. Hakuwa na ya lehemu, wala aspirini, wala ya kupunguza kasi ya moyo. Wakakubaliana aanzishiwe zote, apewe kidonge cha chini ya ulimi cha kutembea nacho, na arudi. Maumivu yakibaki au yakibadilika, atakwenda kwenye mtambo bila mjadala. Kilima bado anakipanda, polepole zaidi, na kifua hakijambana kama zamani. Siku kitakapombana akiwa amekaa, watoto wake wanajua gari la kukodi ni la nani na hospitali ni ipi.

Wapo watakaokwenda kwenye mtambo na kuambiwa mishipa yao ni safi, ilhali wanaumwa. Wasikubali kuambiwa kwamba ni mawazo tu. Mishipa midogo kabisa ya moyo, ambayo anjiogramu haiwezi kuionyesha, inaweza kushindwa kutanuka na kuleta maumivu yale yale, hasa kwa wanawake, na kuna dawa za kujaribu. Na yeyote aliyepimwa, awe na mishipa safi au iliyobana, aombe ripoti pamoja na CD ya picha zake kabla hajaruhusiwa, aiweke na hati za nyumba. Daktari wa hospitali ya pili asipoziona hizo, anaweza kulazimika kuanza upya, kwa mrija mwingine, dawa ya rangi nyingine na mionzi mingine.